Nimeombwa Nilee Mbwa wa Wazungu Entebbe, Mama Hataki

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga. Nilihamia Entebbe mwaka jana, kazi yangu ni ya kompyuta na naifanyia chumbani kwangu hapa Nakiwogo. Kuna mume na mke, Wazungu, wanakaa karibu na Bustani ya Mimea. Niliwatengenezea intaneti mara mbili tatu, tukazoeana. Sasa wanasafiri wiki tatu na wameniomba nihamie kwao niwaangalie mbwa wao wawili: mmoja mzee, mweusi, mwingine bado kijana na ana fujo. Nyumba ni nzuri, uwanja wake unateremka hadi karibu na ziwa, na malipo si haba. Lakini mimi ni Mwislamu, na kwetu mbwa ni wa kukaa mbali. Nilipomwambia mama kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza kama huko Uganda kazi zimekwisha. Tena sijawahi kulea mbwa hata siku moja. Jirani yangu ananiambia nichukue hela, mbwa niwafungie kibandani, na wenyewe wakipiga simu niseme wazima. Unanishauri nini?
— Kijana wa Tanga, Nakiwogo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karibu Entebbe, ingawa mwaka umeshapita.

Nianze na huyo jirani yako, maana ndiye aliyenipandisha damu. Nimelea mbwa wa watu miaka tisa sasa katika mji huu, tangu nilipoacha kazi ya jikoni hotelini. Ushauri wake naujua ladha yake, kwa kuwa niliwahi kuufuata.

Mwaka wangu wa pili niliachiwa mbwa aliyeitwa Kahawa. Kila asubuhi tulikuwa tunateremka Kigungu, pale kwenye mitumbwi, kabla jua halijawa kali. Wavuvi walimjua, wakimrushia vichwa vya ngege, ndio sato wenu. Siku hiyo kenge alikuwa amelala juu ya jiwe akiota jua, urefu wake kama kitanda changu. Mimi nilikuwa nabishana na mama muuza mukene, ndio dagaa wa huku, kuhusu shilingi elfu moja, kamba ya mbwa nimeizungusha mkononi kama mkoba. Kahawa akaruka. Kamba ikanichubua, nikaachia. Asiyemjua kenge huogopa meno yake. Hajui kwamba mkia ule ni kiboko. Alimchapa mbwa mara moja tu usoni, akajitosa majini, na Kahawa akarudi kwangu akitembea upande upande, jicho la kushoto limefumba.

Nilimwosha kwa maji safi nikajiambia litapoa. Jioni mwenye mbwa akapiga simu. Kahawa hajambo? Hajambo, anakula vizuri. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akataka kumwona kwa video, na hapo ujanja ukaniishia. Bwana yule hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimetazama ndani ya friji, nyuma ya maziwa. Kulikuwa na kichupa cha dawa ya matone, ya jicho lilelile, kwa sababu Kahawa alishawahi kuugua kidonda ndani yake na daktari wa mifugo alisema likiguswa tena lisilale hata usiku mmoja bila dawa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi niliyoachiwa mezani. Nilisoma upande wa chakula, upande wa dawa sikuugeuza.

Jicho halikupona. Nilirudisha hela, wakazipokea, hawakuniita tena. Hadi leo hukutana nao barabarani siku mojamoja. Kahawa hunijua kwa harufu, hutikisa mkia, na hilo ndilo huniuma kuliko hela.

Kwa hiyo hapana, usiseme "wazima". Kabla hawajaondoka kubalianeni: picha moja kila jioni, na likitokea lolote unawaambia saa ileile, hata kama kwao ni usiku wa manane. Waulize daktari wao ni yupi na nani atamlipa wao wakiwa mbali. Kaa nao mezani msome karatasi pamoja, pande zote mbili. Kisha pita kwa mwenyekiti wa LC1, ndiyo serikali ya mtaa ya huku, umsalimie, ajue ni wewe unayelala pale. Mgeni anayeonekana akitoka na kuingia nyumba ya Wazungu wenye safari, watu watauliza maswali, na ni afadhali wakuulize wewe.

La dini, mimi si sheikh. Baba yangu alikuwa polisi, nimekulia kota za polisi ambako Kiswahili tulikipata kabla ya kitu kingine, na dini zote zilichota maji bomba moja. Jirani yangu wa Kinubi, Mwislamu wa swala tano, alifanya kazi kwenye nyumba yenye mbwa watatu miaka mingi, na nitakueleza alivyofanya, kisha ukamuulize imamu wako. Alikuwa na nguo za mbwa na nguo za swala, na hazikukutana hata kwenye kamba ya kuanikia. Alisema kwa madhehebu yenu ya Shafii taabu iko kwenye mate na unyevu: chombo alichorambia mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu akikupita na wewe mkavu, hakuna kilichohama. Udongo alikuwa nao kwenye kopo la maziwa kando ya bomba la nje, umechekechwa kama unga. Alinieleza pia kwamba Wamaliki hawamhesabu mbwa kuwa najisi, na kwamba Mtume alisimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa sababu alishuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu. Hiyo ya kiatu mwambie mama. Usimwambie kwa ubishi. Msimulie tu siku akiwa ametulia.

Sasa hao mbwa wenyewe. Wewe ni mtoto wa pwani, ukiona maji unaingia, na hapo ndipo ninapokuogopea. Maji ya huku ni matamu, hayapwi wala hayajai kama ya Tanga. Yakipanda, hupanda kama mwaka 2020 yalipomeza fukwe na kuingia mahotelini, na hayakutoka kwa saa sita. Utamu huohuo ndio unaowafaa konokono wa kichocho. Kule kwenu unaweza kusimama baharini mpaka magotini na usipate ugonjwa huo. Hapa, kwenye maji yaliyotulia penye majani, vijidudu hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Mpira ukiangukia ziwani, uache uende zake. Mbwa kijana naye usimfungulie kamba karibu na matete. Kenge nimeshamtaja, na mamba wapo pia katika ziwa hili.

Usiku wa radi ndio utakaokupima. Mchana hewa ya ziwani huja nchi kavu, lakini usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, ziwa hubaki na joto, pepo za kutoka kingo zote hukutana huko katikati na mawingu huumuka kama maandazi. Ndiyo maana ngurumo nyingi utazisikia usiku wa manane kuelekea alfajiri, zinatoka visiwani zinakuja. Mbwa mzee atajua nusu saa kabla yako. Utamwona anahema bila kukimbia, anazunguka, anajaribu kuingia nyuma ya choo. Mwache aingie. Usimvute, usimkaripie, na kwa jina la Mungu usimfunge mnyororo nje. Niliwahi kumkuta mmoja asubuhi amening'inia juu ya ua kwa ukanda wake wa shingo, mzima kwa bahati tu, baada ya askari wa getini kumfunga "asisumbue". Funga mapazia, washa redio, kaa karibu na simu yako. Kukipambazuka zunguka ua wote, maana mvua huchimba matundu chini ya seng'enge na huyo kijana wako mwenye fujo atayaona kabla hujanywa chai.

Kuna mdudu mwingine ambaye wageni hawamjui: nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini ulionyeshewa na mkojo, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Mtoto wake huingia chini ya ngozi, ya mbwa au yako, akavimbisha mahali kama jipu lenye kitundu katikati. Ukiwapapasa mbwa kila jioni (vaa glavu, na mama atafurahi) utayakuta tumboni na miguuni. Paka mafuta ya mgando mazito juu ya kitundu, funza akose hewa, subiri ajitokeze, kisha mkamue polepole atoke mzima. Akikatikia ndani, mwite daktari. Na suruali zako piga pasi kila mahali, mpaka kiunoni na kwenye mishono.

Ukiwa bado unapapasa, tafuta kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole. Homa ya kupe huua haraka. Mbwa akikataa chakula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho.

Chakula wenyewe watakuachia. Kikiisha, posho, ndio ugali wenu, na mukene havijamdhuru mbwa wa Uganda, ila mukene uoshe mchanga kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka kama vijiti vikachoma utumbo. Vitunguu hapana, chokoleti hapana, zabibu hapana. Na kama uwanjani kuna mparachichi, okota yaliyoanguka kabla yao. Nina mteja ambaye mbwa wake hunenepa kila msimu mpaka anakoroma, na mwaka mmoja tulimpasua kutoa kokwa.

Nakuomba jambo moja kabla hujapokea funguo: uone vitabu vya chanjo vya mbwa wote wawili, utazame tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa na mbwa, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, utazame saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hautibiki.

Zilizobaki ni raha tupu, utaziona mwenyewe. Tumbili wataiba sabuni dirishani na mbwa kijana atawafukuza hadi kwenye mti, kisha akae chini yake saa nzima kama mdai. Kalooli, wale korongo wakubwa wenye kipara, watatua juu ya paa kama wazee wa kanzu waliokuja kupatanisha watu. Usiku simba wa kituo cha wanyama wakinguruma, mbwa wako mzee atanyanyua kichwa, afikirie kidogo, alale.

Na malipo? Mimi huchukua 30,000 kwa siku kwa mbwa mmoja, nusu mapema. Wewe una wawili, na mmoja ana fujo. Usione haya.

Mama yako hakuuliza kazi zimekwisha kwa sababu ya mbwa peke yake. Ameona mwanawe anakwenda kulala nyumba ya watu asiowajua, nchi ya mbali. Mpigie ukiwa sebuleni mwao, mwonyeshe chumba chako, mlango unaofungwa, mkeka wako wa swala ulipoutandika. Mbwa waonyeshe mwisho, kwa mbali.

SWALI: Mama, mbwa wa jirani yetu hapa Kitoro, kila adhana ya alfajiri anaanza kubweka kwa sauti ndefu kama yuko msibani. Wengine wanasema anamwona shetani, wengine wanaidharau dini ya mwenye mbwa, na kuna kijana ameapa atamwekea sumu. Kweli anaona nini?
— Mama wa Watoto Wanne, Kitoro

JIBU: Haoni kitu, dada yangu, anasikia. Sauti yoyote ndefu inayopanda na kushuka humfanya mbwa ajibu, kama mababu zake walivyoitana porini. Wa kwangu hulilia ving'ora vya misafara ya wakubwa inayokwenda uwanja wa ndege, na siku ya Jumapili tarumbeta ya kanisani. Hachagui dini.

Nenda kwa mwenye mbwa mchana, na mandazi kama unaweza. Mwombe amwingize ndani saa kumi na moja na kumtoa adhana ikiisha. Sisi tuko ikweta, alfajiri yetu haihami sana mwaka mzima, kwa hiyo akishaizoea saa hiyo hatakuwa na kazi ya kuibadilisha kila mwezi. Huyo kijana wa sumu mtaje kwa mwenyekiti wa LC leo, usingoje aiweke. Nyama yenye sumu ikitupwa uani, wa kwanza kuiokota huenda akawa mtoto, na hao wanne ni wako.