Karakana ya Wasomaji: Difu ya Nyuma, Krauni na Pinioni

Nina Toyota Hilux Surf ya miaka ya 1990, inabeba viazi na maziwa huku Molo. Difu ya nyuma (gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) inalia nikipita kilomita 60 kwa saa. Muuza spea wa Nakuru ana difu nzima ya mtumba kutoka Japani na anasema Surf zote ni sawa. Nimlipe?

Usimlipe kabla hujahesabu. Surf zote si sawa, na anayekuambia hivyo ama hajui ama anataka kuuza.

Krauni ni ile gia kubwa ya duara, na pinioni ni ndogo inayoizungusha. Reshio ni meno ya krauni kugawanya kwa meno ya pinioni. Meno 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875. Kwa macho krauni hizi zinafanana kabisa. Anza na kibati cha kampuni kwenye chumba cha injini, utafute msimbo wa ekseli. Ukiona G284, G ni krauni ya inchi 8, 28 ni reshio ya 4.30, na 4 ya mwisho ni idadi ya gia ndogo zilizo katikati ya difu. G294 ni ukubwa uleule lakini reshio ni 4.556.

Kibati lakini kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Gari la umri huo huenda limeshabadilishwa difu na mtu mwingine, kwa hivyo hakikisha kwa mkono. Weka gia nyutro na leva ya fo-wili kwenye 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu), kinga magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma na uache la pili chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikifika 41, una 4.10. Ikifika 43, una 4.30. Ikiwa 45 na nusu hivi, una 4.556. Wengi huzungusha mara mbili tu, na hapo tofauti ya 4.10 na 4.30 huwezi kuiona.

Dukani ni rahisi zaidi kwa sababu difu iko wazi: zungusha krauni mara 10, hesabu mizunguko ya flanji, ile sahani ya chuma ambayo propela hufungwa. Kisha ikague. Pitisha ukucha juu ya meno. Ukikwama kwenye ngazi, meno yameliwa. Rangi ya buluu kwenye chuma ina maana ilikauka oili ikaungua. Shika flanji uitikise juu na chini: ikicheza hata kidogo, beringi za pinioni zimekwisha. Angalia namba iliyochorwa kwenye krauni na ile ya kichwa cha pinioni, zilingane, kwa kuwa hizi mbili husagwa pamoja kiwandani na hazitenganishwi. Hesabu pia meno ya ndani ambamo hafu-shafti (chuma kirefu kinachozungusha kila gurudumu) huingia, na upime umbali kati ya matundu ya flanji ili propela yako ifunge bila kutoboa upya.

Kazi yenyewe, kwa fundi mwenye msaidizi, haichukui siku nzima. Mwaga oili. Toa magurudumu na dramu za breki, fungua paipu ya breki na waya wa hendibreki kila upande, kisha nati nne zilizo nyuma ya sahani ya breki. Vuta hafu-shafti pamoja na sahani hiyo. Si lazima zitoke zote, ila meno yake lazima yaachane na difu. Zivute zikiwa zimenyooka. Zikilala juu ya sili zitaichana, na baada ya wiki mbili oili itakuwa kwenye viatu vya breki. Weka alama propela na flanji kabla ya kufungua bolti zake nne. Mwisho fungua nati 10 zinazoshika difu kwenye kasha. Weka jeki chini yake mapema, maana ni nzito na imevunja vidole vya watu.

Kabla ya kurudisha, futa kasha ndani mpaka kitambaa kitoke safi. Chembe za chuma za difu ya zamani zikibaki humo zitamaliza beringi za hii mpya. Weka gasketi mpya, kaza nati kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, toa hewa kwenye breki, kisha jaza oili ya GL-5 80W-90 mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa.

Mimi niko Kitale. Nimeshaweka difu ya nyuma ya 4.30, ya mbele bado ni 4.10. Fundi anasema hakuna shida, nisiweke tu fo-wili kwenye lami. Ni kweli?

Si kweli, ndugu. Ukiweka 4H, yaani fo-wili, propela zote mbili huzunguka sawasawa, lakini magurudumu ya mbele yanataka kwenda haraka kuliko ya nyuma kwa karibu asilimia 5. Katika kila kilomita moja ni mita 49 hivi ambazo lazima tairi ziteleze. Kwenye tope zitateleza. Ukifika sehemu ngumu ya murami, au jiwe, nguvu hiyo haina pa kutokea, na inaishia kwenye mnyororo au gia za transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), au inavunja kifundo cha propela. Kama gari lako lina difu ya kati, yaani fo-wili ya kudumu kama Land Cruiser 80, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu difu hiyo ya kati itasagana muda wote hata ukienda kanisani kwa lami.

Tofauti kama ya 4.10 na 4.11 inavumilika. Ya 4.10 na 4.30 haivumiliki. Mpaka ulinganishe, acha leva kwenye 2H, na mweleze kila anayeliendesha.

Niliweka tairi za 285/75R16 badala ya 265/70R16. Sasa kutoka Chemelil kupanda Nandi Hills dizeli yangu inahema, na gia ya tatu haitoshi tena. Reshio ni 4.10. Nibadilishe difu? (Msomaji wa Kisumu)

Dada, tairi yako ya zamani ina kipenyo cha milimita 777, mpya ina 834. Ni ongezeko la asilimia 7.3. Kwa injini ni kama umeteremsha reshio hadi 3.82. Ili urudi pale ulipokuwa ungehitaji 4.40, ambayo haipo kwenye rafu. Unachagua kati ya 4.30 na 4.556.

Katika gia ya moja kwa moja, yaani ile ambayo injini na propela huzunguka sawa, kwa kilomita 100 kwa saa, injini yako ilikuwa inazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Sasa ni 2,600. Ukiweka 4.30 itakuwa 2,740, ukiweka 4.556 itakuwa 2,900. Kwa anayeshinda barabara ya Kisumu hadi Busia bila mzigo, 4.30 inatosha. Kwa anayepanda Nandi au Timboroa na mzigo nyuma, tungechukua 4.556 bila kusita. Tofauti ya mizunguko 160 kwenye lami ni ndogo ukilinganisha na klachi unayoiunguza mlimani.

Lakini hesabu gharama ya difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele kwenye magari yenye springi huru ni ndogo na hutolewa kwa kazi nyingi kuliko ya nyuma. Kama bei inakushinda, rudi kwenye 265/75R16: inazidi ya kiwandani kwa asilimia 3.4 tu, na mlima utaukubali. Pia kumbuka spidomita. Leo ikionyesha 80, wewe uko karibu 86. Ukiweka 4.556 itaonyesha zaidi kidogo ya mwendo wako halisi, na hilo ni salama.

Fundi wangu wa Kakamega anataka kufunga krauni na pinioni mpya kwenye difu yangu ya inchi 8. Hana geji (kipimo cha mshale cha sehemu za milimita), anasema atapima kwa mkono. Nimwachie?

Usimwachie. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tutaeleza kwa urefu. Kubadilisha difu nzima ni kazi ya spana. Kubadilisha krauni na pinioni ni kazi ya vipimo, na vipimo vyenyewe ni sehemu za milimita ambazo mkono wa mtu hauzisikii.

Cha kwanza ni kina cha pinioni, kinachowekwa kwa shimu (vibati vyembamba vya duara) zilizo nyuma ya beringi yake kubwa. Anza na shimu ya zamani. Cha pili ni mkazo wa beringi za pinioni. Kati ya beringi hizo kuna bushi laini inayobonyea nati ikikazwa, na inatumika mara moja tu. Kaza kidogo kidogo, kila mara pima nguvu ya kuzungusha flanji: beringi mpya zinataka Nm 1.2 hadi 1.9. Ukipitiliza, usilegeze nati ukadhani umerekebisha. Bushi imeshabonyea, na pinioni itabaki ikicheza. Toa, weka bushi nyingine, anza upya. Nunua mbili tangu mwanzo.

Krauni yenyewe ichemshe kwenye maji mpaka digrii 100, iache ikauke kabisa, kisha iingize haraka. Itakaa bila nyundo. Ikishapoa ndipo ukaze bolti zake kwa Nm 97 na ukunje vibati vya kuzifunga. Wanaoigonga baridi huipinda, na krauni iliyopinda hulia kila mzunguko.

Halafu nafasi kati ya meno. Hapa ndipo geji ya mshale haina mbadala: milimita 0.13 hadi 0.18. Sogeza krauni kwa kulegeza nati ya pembeni upande mmoja na kukaza ya pili kwa kiasi kilekile. Kofia za beringi za pembeni zinakazwa kwa Nm 78.

Mwisho paka meno machache rangi ya kuonyesha mguso, zungusha mbele na nyuma huku ukiizuia krauni kidogo, uone alama. Inayotakiwa iko katikati ya jino. Ikiwa juu, karibu na ncha, pinioni iko mbali: weka shimu nene zaidi. Ikiwa chini, kwenye shina, pinioni imeingia sana: weka nyembamba. Kila ukibadilisha shimu unavua beringi na kurudia yote, bushi mpya ikiwemo, na fundi anayepima kwa mkono huishia kusema “italainika yenyewe”. Haitalainika. Meno yatakula vibaya, na seti mpya itakufa kabla ya ile ya zamani ambayo ungeiacha.

Kama hakuna mwenye geji karibu, tafuta difu nzima nzuri yenye reshio yako. Ukipata seti iliyofungwa sawasawa, endesha dakika 15 hadi 20 bila mzigo, acha ipoe kabisa, na kwa kilomita 800 za kwanza usivute trela. Zikitimia, mwaga oili.

Naweza kuweka difu yenye loki ya umeme (inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) kutoka Toyota nyingine kwenye kasha langu la inchi 8?

Si kwa kufungua na kufunga tu. Matundu kadhaa ya bolti hayalingani, na kasha lazima likatwe ndani ili uma wa loki upate nafasi. Chukua ekseli nzima pamoja na waya na swichi zake, au acha.

Baada ya mafuriko ya Ahero oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa. Nisafishe kwa mafuta taa?

Hapana. Mafuta taa hubaki kwenye pembe za kasha na huondoa oili kwenye beringi. Mwaga hiyo leo, si wikendi, kwani beringi zenye maji hushika kutu ndani ya siku chache. Jaza oili mpya, tembea kilomita 20 hadi 30, kagua. Ikiwa bado nyeupe mwaga tena.

Maji huingia kwa sababu difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta kutoka nje kupitia tundu la kupumulia na sili zilizochoka. Tundu hilo liko juu ya kasha la ekseli, na mara nyingi limeziba kwa tope. Lizibue, uvishe mpira mrefu na kuupandisha mpaka karibu na mdomo wa tangi la mafuta, ncha yake ikitazama chini. Kazi hiyo ifanywe kwa difu zote mbili.