Modemu Yako Haijafa, Inajifanya CD

Msomaji wa Makorora, Tanga, kaniandikia juzi. Kachomeka modemu ya Huawei kwenye kompyuta yenye Ubuntu (aina ya Linux), taa inawaka, lakini anachoona ni alama ya CD tu. Fundi kamwambia modemu imekufa, anunue nyingine. Ndugu yangu, usinunue. Ni nzima, na imetengenezwa ijifanye CD.

Ndani ya vidude hivi kuna hifadhi ndogo yenye programu ya Windows. Ukikichomeka kinajitambulisha kwanza kuwa CD, Windows isakinishe programu yake, ndipo kigeuzwe modemu. Kwenye Linux kazi ya kukigeuza ni ya programu iitwayo usb-modeswitch. Fungua terminali uandike `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zao. Namba 12d1 ni ya Huawei, 19d2 ni ya ZTE. Ukiona 12d1:1446, bado ni CD. Ikishageuka, nusu ya pili ya namba hubadilika, mara nyingi kuwa 1001 au 1506, na `dmesg` (kumbukumbu ya matukio ya mfumo) itakuonyesha ttyUSB0 na wenzake, yaani milango ya modemu. Fundi asiyeanza na `lsusb` anabahatisha, tena kwa hela yako.

Isipogeuka, andika `sudo apt install usb-modeswitch modemmanager`. Intaneti ya kupakulia utaitoa wapi, na ndiyo unayoitafuta? Chomeka simu ya Android kwa waya, washa kusambaza mtandao kupitia USB. Linux huiona kama kadi ya mtandao bila kusakinisha kitu. Paketi zenyewe ni ndogo. Kinachokula bando ni `apt update`, kwa hiyo usiiguse mpaka apt ilalamike kwamba faili halipatikani. Ukimaliza, chomoa modemu uichomeke upya.

Sasa `mmcli -L`, amri ya modemmanager, itaitaja modemu kwa namba, tuseme 0. Laini ikiwa na PIN, fungua kwa `mmcli -i 0 --pin=1234` ukiweka PIN yako; ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Halafu unda muunganisho uuite bando, kisha uuwashe:

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name bando apn internet`
`nmcli connection up bando`

Neno internet hapo mwishoni ndiyo APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) ya Vodacom na Airtel. Jina la mtumiaji na nywila viache wazi.

Wenye modemu ya Huawei E3372 ya aina ya HiLink, inayojiunganisha yenyewe, wasihangaike na mmcli. Ile hugeuka 12d1:14dc na kuwa kadi ya mtandao, fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari, mipangilio yote iko humo.

Ikikatika kila baada ya dakika chache, usikimbilie kulaumu mtandao. Tazama `dmesg`. Ukikuta "USB disconnect", tatizo ni umeme au mguso. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na modemu iliyo mbali na mnara huvuta kwa nguvu zaidi ili isikike. Tumia habu yenye adapta yake. Waya wa kuipeleka modemu dirishani usizidi mita 5, na waya mwembamba wa bei chee huangusha umeme hata kabla ya hapo. Kwa wa Raskazone na Sahare, chumvi ya bahari hula vyuma vya plagi: pamba na spiriti, acha ikauke, chomeka.

Kupima mawimbi, andika `mmcli -m 0 --signal-setup=5` kisha `mmcli -m 0 --signal-get`. Kwa 3G, RSSI (nguvu ya mawimbi, kwa dBm) ya -75 ni raha, -105 ni taabu. Sogeza modemu, pima tena. Nyumba za zege za Ngamiani, hatua mbili kuelekea dirishani huleta tofauti kubwa.

Halafu bando. Watu wanasema Linux inakula bando, kumbe hawajaiambia kwamba intaneti hii ni ya kulipia. Iambie:

`nmcli connection modify bando connection.metered yes`
`sudo snap set system refresh.metered=hold`
`sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`

Zima muunganisho na uuwashe tena. Sakinisha vnstat ikuhesabie MB, uache kumshuku kila mtu. Hata kununua bando huhitaji kuchomoa laini: kwa Vodacom ni `mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate='*149*01#'`, na kila menyu unaijibu kwa `mmcli -m 0 --3gpp-ussd-respond=1`, ukibadilisha namba kulingana na chaguo lako. Baadhi ya modemu hurudisha herufi za ovyo. Hizo, laini irudi kwenye simu tu, usipoteze jioni yako.

Ile amri ya tatu imezima pia sasisho za usalama. Siku ukipata Wi-Fi isiyo ya bando, andika `sudo apt update && sudo apt upgrade` kabla hujafungua kitu kingine.