Kaunti ikitulipa, shamba bado ni letu?

SWALI: Mimi na mke wangu tuna shamba la ekari 60 nje ya mji wa Lancaster, Pennsylvania. Tunalima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Tumeambiwa kaunti inaweza kutulipa ili shamba lisije likageuka mtaa wa nyumba. Kule tulikotoka, ukilipwa fidia ya ardhi unahama. Je, tukipokea, shamba litabaki letu? Na watoto wetu watatu tutaweza kuwagawia?

JIBU: Litabaki lenu, ndugu yangu. Hamhami, hatimiliki haibadilishwi jina, na mnaweza kulikodisha, kuliuza au kulirithisha. Mnachouza ni haki moja tu: ya kulikata viwanja vya nyumba na maduka. Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria ya kununua haki hiyo mwaka 1988, baada ya wapiga kura kuidhinisha mkopo wa dola milioni 100 mwaka 1987.

Malipo yanatokana na thamani mbili. Tuseme mjenzi angenunua ekari moja kwa dola 20,000, na mkulima kwa dola 12,000. Haki mnayouza ina thamani ya dola 8,000 kwa ekari, yaani 480,000 kwa shamba zima. Kaunti nyingi huweka kikomo, kwa hiyo ofa inaweza kuwa chini ya hapo. Ile sehemu msiyolipwa inaweza kuhesabiwa kuwa mchango, na sheria ya kodi ya shirikisho humruhusu mkulima anayepata zaidi ya nusu ya kipato chake shambani kuikata kwenye kipato kinachotozwa kodi, hata chote, na salio kulisogeza mbele hadi miaka 15.

Kuhusu watoto, hapo ndipo nawasihi msiharakishe. Zuio hili la kutojenga, linalotokana na haki mnayouza, ni la kudumu, na linamfuata kila atakayelimiliki shamba baada yenu. Sheria huruhusu nyumba moja ya ziada, kwenye eneo lisilozidi ekari 2, kwa makazi ya mwenye shamba au wafanyakazi wake. Kwa watoto watatu wanaotaka kujenga, haitoshi. Kama mna nia ya kuwapa viwanja, vitengeni kabla ya kusaini, kwa kufuata kanuni za ugawaji za eneo lenu.

Kama bado hamjakubaliana nyumbani, anzeni na mpango wa Clean and Green, uliopo tangu 1974. Shamba la kuanzia ekari 10 hutozwa kodi kwa thamani yake ya kilimo badala ya thamani ya soko. Huo una mlango wa kutokea: mkibadili matumizi, mtarudisha nafuu ya kodi ya hadi miaka 7, pamoja na riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

Shamba likiwa na mkopo wa benki, zungumzeni na benki mapema. Lazima ikubali kwa maandishi kwamba zuio litatangulia rehani yake, yaani hata ikiuza shamba kufidia deni, zuio litabaki, na kibali hicho huweza kuchelewa.