Kabla ya mkopo, itisheni faili ya maombi

SWALI: Mimi ni katibu wa sacco ya matatu njia ya Rongai, Nairobi. Tunataka kutenga magari 10 yawe yanaitwa kwa simu, abiria wachangie gari moja bila njia maalumu. Mshauri tuliyemlipa ameendesha uigaji wa kompyuta, akapata wastani wa kusubiri dakika 4 na viti kujaa asilimia 80. Wanachama wako tayari kukopa. Tumwamini?

JIBU: Katibu, msisaini mkopo bado. Maswali kama lako hunifikia kila mara, na karibu yote yana imani ileile: kwamba kompyuta imethibitisha abiria wapo. Haijathibitisha. Idadi ya abiria huwa imeandikwa na mtu kwenye faili kabla programu haijaanza kazi. Mshauri akiandika maombi 60 ya safari kwa saa, programu itapanga magari kwa watu 60, hata kama hao 60 wanaishi kichwani mwake tu.

Tazama hizo dakika 4. Kama alitumia MATSim, programu ya uigaji wa usafiri ambayo wengi wetu huitumia kwa kuwa ni ya bure, kuna mahali pa kuweka muda wa juu kabisa wa kusubiri. Ombi ambalo hakuna gari la kulifikia ndani ya muda huo linaweza kukataliwa, na likikataliwa haliingii kwenye wastani. Weka kikomo cha dakika 8 na wastani utapendeza, hata nusu ya watu wakiachwa kando ya barabara. Muulize wangapi walikataliwa. Akikosa jibu la haraka, jibu umelipata.

Halafu kasi. Ukichukua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, bila kuweka msongamano, Magadi Road saa moja asubuhi inakuwa tupu kama usiku wa manane. Na asubuhi hiyo wote wanaelekea mjini. Je, kurudi Rongai magari matupu kumehesabiwa? Hizo asilimia 80 ni za safari ya kwenda tu, au za siku nzima?

Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa New York wa 2017: magari 3,000 ya abiria wanne yangeweza kubeba asilimia 98 ya safari za teksi. Ni kweli. Lakini safari zile zilikuwa zimeshafanyika na rekodi zake zipo. Watafiti waliulizwa namna ya kuzigawa, hawakuulizwa namna ya kuzipata. Wewe unaulizwa yote mawili, tena ukishindana na matatu inayojaa stejini na kuondoka bila kumwomba mtu afungue simu.

Helsinki, Finland, walijaribu kwa watu halisi. Huduma yao ya basi ndogo za kuitwa kwa simu, Kutsuplus, ilianza 2012, ikafika basi ndogo 15, ikiwa na mamlaka ya usafiri ya mji nyuma yake. Ilifungwa mwishoni mwa 2015 kwa sababu ya gharama. Nauli hazikutosha, ruzuku ndiyo iliyoibeba. Huduma ya aina hii huhitaji magari mengi ndipo abiria wanaoelekea upande mmoja wakutane. Gari 15 kwa mji ule zilikuwa chache. Ninyi mna 10.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaokuja na nukta za rangi zinazotembea kwenye ramani. Kamati inazitazama, inapiga makofi, na hakuna anayeomba kuona faili iliyoingizwa. Nimeona saccos, kampuni, hata halmashauri, zikinunua magari kwa sababu ya video. Uigaji hufaa kukuonyesha mpango unavunjikia wapi. Anayekuletea mmoja tu, uliofaulu, amekuletea tangazo.

Kwa hiyo mwambie aendeshe upya maombi yakiwa nusu, kisha robo, kila moja mara nyingi kwa mbegu tofauti za bahati nasibu (namba za kuanzia zinazobadilisha nani anaomba gari, wapi na lini), na akupe kilomita zilizokwenda tupu na gharama ya kila abiria aliyebebwa. Maombi ayatoe kwenye hesabu ya watu stejini, asubuhi na jioni, siku za kazi na Jumamosi. Kazi hiyo kondakta wenu wanaiweza kwa daftari. Akisema faili ya maombi ni siri ya biashara, msimlipe awamu ya pili.