Barua kwa mwanangu: swali la Hamisi

Mwanangu Zaina,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu Hamisi amefundishwa zamadamu, yaani binadamu wa kale kabisa, shuleni, jioni akaambiwa madrasa kuwa ni kufuru, na sasa anakuuliza nani muongo, mwalimu au ustadhi. Unataka nikupe jibu la kumpa.

Mimi nataka kujua kwanza: alipouliza, mlimfanyaje? Baba yake alimkemea? Anayeuliza hajakosa, Zaina. Mmekua mkinisikia nikisema hivyo, mkadhani ni maneno tu ya mama mwalimu.

Kabla hujazaliwa niliwapeleka wanafunzi wangu wa Historia ufukweni Raskazone, maji yamekupwa. Nilikuwa nimewafundisha nyayo za zamadamu za Laetoli, kule karibu na Ngorongoro, zile walizozifukua watu wa Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, mwaka 1978. Zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, yakakauka yakawa jiwe, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nikawaambia wavue viatu, watembee kwenye mchanga mbichi, kisha wainame watazame. Kisigino kimezama, katikati pameinuka, kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine. Za Laetoli nazo zina gumba la namna hiyo. Sokwe gumba lake limechanuka pembeni, analitumia kushikia tawi.

Binti mmoja akaupima unyayo wake kwa shubiri, akaniuliza, "Mwalimu, hao waliopita pale walikuwa na mama?" Sijapata kusikia swali zuri kama lile darasani. Nikamwambia kesho tutaanza na hilo.

Kesho yake alikuja baba yake. Akasimama mlangoni, akaniambia mbele ya watoto kwamba nawafundisha wanawe kuwa nyani, akamshika binti mkono, akaondoka naye. Mkuu wa shule akaniambia mada ile niiruke. Sikuiruka, lakini binti hakurudi. Swali lake ninalo mpaka leo. Yule mzee aliyenipita bila salamu kwenye arusi ya binamu yako, ulipouliza nikakwepa, ndiye huyo.

Namwelewa. Mzazi akiona imani ya mwanawe inaguswa, lazima ashtuke, nami ni mzazi. Lakini hapana, simwelewi! Angeketi dawati la nyuma asikilize, angesikia kuwa wataalamu hawasemi tumezaliwa na sokwe hawa wa Gombe. Wanasema sisi na wao tuna asili moja ya kale, tukaachana mamilioni ya miaka huko nyuma. Hata Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai tuliyemkariri shuleni, siku hizi wanamhesabu kuwa tawi la pembeni lililokatika. Si babu yetu. Na Hamisi akiambiwa fuvu lake Zinjanthropus liligunduliwa na Leakey, aulize Leakey yupi. Tarehe 17 Julai 1959 aliyeliona ni Mary. Louis, mumewe, alikuwa kambini anaumwa.

Ustadhi msimseme vibaya mbele ya mtoto. Anafunza alichoaminiwa nacho, na Hamisi anahitaji adabu ile na sala ile. Mwalimu naye msimseme, anafuata mtaala, na mtihani utakuja. Nani mkweli? Ulimi unaniwasha, Zaina, wewe unanijua. Nina la kusema na nimelibeba miaka mingi. Ila nikikuandikia hapa, utamsomea kama hukumu ya bibi, naye ataacha kuuliza. Anayeuliza hajakosa, na mimi sitakuwa wa kumfunga mdomo mjukuu wangu. Basi nanyamaza, kwa shida. Akitaka kujua naamini nini, aniulize mwenyewe.

Ninyi mko Dar. Jumamosi mpeleke Makumbusho ya Taifa, ambako fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa, na baba yake aende pia. Msimharakishe mtoto. Akitoka bila swali jipya, nipigie simu usiku huohuo.

Mama yako,
Tanga