Kinesini anatembea, kinatembea au inatembea?

Mwalimu mmoja wa biolojia hapa Goma ameniandikia kuhusu kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli: "Vitabu vyetu ni vya Kifaransa, lakini wanafunzi nawaeleza kwa Kiswahili. Mimi husema 'kinesini anatembea', kwa kuwa inapiga hatua kama mtu. Mwenzangu anasema 'kinatembea', na wingi 'vinesini'. Tufuate lipi?"

Mwalimu, semeni kinesini inatembea, kinesini zinatembea.

Mwenzako amevutwa na ile ki- ya mwanzo. Neno lina asili ya Kigiriki, kwenye kitenzi chenye maana ya kusogeza, na ki hiyo ni sehemu ya shina. Atakujibu kwamba hata kitabu kilitoka Kiarabu na ki yake shinani. Kweli, ila wasemaji wenyewe waliigeuza wakapata vitabu. Kilo hawakuigeuza: pale soko la Virunga mama anakupimia maharagwe kilo mbili, si vilo viwili. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nayo inaanza kama chumba, lakini sijasikia mtu akisema vyukudu. Masikio ya watu ndiyo yanayoamua, na kinesini bado iko upande wa kilo.

Hiyo "anatembea" naielewa sana. Kinesini ina vichwa viwili vinavyokanyaga kwa zamu mikrotubuli, yaani mrija mwembamba ulio kama reli ndani ya seli. Kila hatua ni nanomita 8 na inakula molekuli 1 ya ATP, kibeba nishati cha seli, huku mkia umeshika kifuko cha mzigo. Ni kama kumwona msukuma chukudu akipanda na magunia yake. Hata hivyo ni protini, haina uhai wake yenyewe, na kitenzi kutembea hakidai uhai: saa inatembea, gari inatembea.

Mikrotubuli ifuate mikrofoni: mikrotubuli hii, mikrotubuli hizi. Msitafute "mkrotubuli".

Hukuuliza hili, lakini kwangu lina uzito kuliko ngeli: msitumie "kusafirisha" kila mahali. Mikrotubuli ina ncha mbili zisizofanana. Kinesini nyingi huelekea ncha chanya, dineini, protini nyingine ya kubeba mizigo, huelekea ncha hasi. Katika mkia mrefu wa seli ya neva, ncha chanya zimeelekea mbali, kwenye mwisho wa mkia. Kiswahili kina vitenzi vya kuonyesha mwelekeo huo bila maelezo ya ziada, kwa hiyo andika ubaoni: kinesini inapeleka mzigo mwisho wa neva, dineini inaurudisha kwenye mwili wa seli. Mwanafunzi atajua njia kabla hujachora mshale.