Ukija kusikiliza kesi ya mauaji, usiandike nani kamkaanga shahidi

Wadogo zangu mnaoanza uwakili hapa Dodoma, na nyie wanafunzi wa UDOM mnaoingia Mahakama Kuu na madaftari mapya, nawasikia mkitoka kwenye kesi kubwa. "Yule wakili leo kamkaanga shahidi!" Sawa, kamkaanga. Lakini mkiulizwa utetezi unabishia nini hasa, mnatazamana.

Hilo ndilo naandika ukurasa wa kwanza. Kwenye mauaji Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa ithibitishe kwamba mtu amekufa, tena si kifo cha kawaida, kwamba aliyemuua ni mshtakiwa, na kwamba alidhamiria. Utetezi unahitaji kuvunja kimoja tu. Ukiona timu inabishia vyote kwa nguvu ileile, mara nyingi haijapata pa kusimama. Leo wanasema mteja hakuwepo, wiki ijayo wanasema alichokozwa. Jaji anasikia nini hapo? Kumbe timu inayokubali kifo, ikakubali na kwamba mkono ni wa mteja wao, ikapigania dhamira peke yake, huku nyuma kwenye mabenchi inaonekana imelala. Mimi huipa alama. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja, kunyongwa. Ikishushwa kuwa kuua bila kukusudia, jaji anapata nafasi ya kupima.

Suala la akili timamu sisi wa Dodoma tunaliona kwa karibu. Mikoani watu wanataniana "utapelekwa Mirembe". Kwetu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ni jirani. Mahakama ikiamuru mshtakiwa akachunguzwe, sheria inampa daktari siku 42 kuandika taarifa. Vijana wengi wanauona utetezi huu kama mlango wa uani. Una gharama yake. Ukishasema hakuwa na akili timamu wakati wa tukio, huwezi tena kusema mkono si wake. Na akishinda, hatoki siku hiyo kwenda nyumbani.

Kuhusu maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa kwenye kikao Kondoa, kesi yangu ya pili au ya tatu. Shahidi alidai alimtambua mshtakiwa usiku, kwa mbalamwezi. Mnaijua kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, inayotupa vipimo vya utambuzi: mwanga, umbali, muda wa kumtazama, kama alimfahamu kabla. Nilishampata vizuri. Kulikuwa na mawingu, umbali hatua thelathini hivi, naye alikuwa anakimbia. Hapo ningekaa. Nikaongeza, kwa mbwembwe: "Sasa ulijuaje ni yeye?" Akanijibu taratibu, "Wakili, huyu ni shemeji yangu. Aliniita kwa jina langu la utani." Wakili wa Serikali hakuwa amemuuliza hilo. Nilimsaidia bure. Tangu siku ile, nikimpima wakili, nahesabu pia maswali aliyoyaacha.

Maelezo ya onyo, yale mshtakiwa anayoandikwa polisi, nayapitia haraka maana mmefundishwa: pingamizi linatolewa kabla kielelezo hakijapokewa, ndipo inakuja kesi ndani ya kesi, ya kupima kama aliyatoa kwa hiari. Anayesubiri zamu ya utetezi ndipo aseme mteja alipigwa, kachelewa.

Penye utamu ni washtakiwa wanapokuwa wengi. Chukueni kesi ya Zombe. Mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa Dar es Salaam, na polisi wakashtakiwa, akiwemo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia wote tisa. Wauaji halisi, alisema, hawakuwa mbele yake. Aliyefunga daftari siku hiyo aliandika: utetezi umeshinda. Jamhuri ikakata rufani, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani Christopher Bageni, mmoja wa wale tisa, ikaamuru anyongwe. Zombe akabaki huru.

Yaani hoja ile ile, kwamba aliyefyatua risasi hayupo kizimbani, ilimfaa aliyekuwa mbali na msitu wa Pande, walikouawa watu wale. Aliyetajwa kuwepo huko haikumtosha. Kwa hiyo mkisema "timu ya utetezi", ulizeni timu ya nani. Mtazameni wakili wa mshtakiwa wa kwanza anapomhoji shahidi anayemsafisha mteja wake huku akimchafua wa pili. Wa pili anasimama kupinga, au ananyamaza? Maelezo ya mshtakiwa mwenza peke yake hayatoshi kumfunga mtu, ila yakipata ushahidi wa kuyashika mkono, mambo yanageuka.

Mimi kesi za namna hiyo nachora safu kwa kila mshtakiwa: nani kamtaja, kawekwa wapi usiku ule, na wakili wake kagusa nini. Ya Zombe ingehitaji safu tisa na karatasi mbili za kuunganisha.